Mkono wa Elia Uko Houston

Tulimzika Elia mimi nikiwa nimekaa ndani ya gari langu, kiyoyozi kinavuma, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Ilikuwa mwaka 2020, ugonjwa umetanda kila mahali, na wenye makaburi pale Fort Worth walikuwa wameruhusu watu wachache tu kusogea karibu na shimo: mkewe, watoto, mchungaji na wabebaji. Sisi wengine tulipanga magari kwenye maegesho, kila mmoja akitazama kwenye simu jambo lililokuwa likifanyika mbele ya macho yake. Nikiinua uso naona migongo yao kwa mbali, nikiinamisha naona migongo ileile, midogo. Gari langu ndilo lililokuwa jipya kuliko yote pale. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa Elia angekuwa wa kwanza kulisema. Angelizunguka, angelipiga tairi teke kidogo, kisha angeniuliza kwa Kiswahili chake cha Uvira, Kongo, "Bosi wa furusheti, hii njo gari ao njo nyumba?" Furusheti ni uma wa kulia chakula. Nitaeleza jina hilo nililipataje, maana ndani ya jina hilo ndimo ilimo sababu ya mimi kuwa hai na yeye kuwa shimoni.

Mimi si mtu wa shule. Niliiacha darasa la tano na sikuwahi kuitamani tena. Leo nina karakana yangu ya vioo pale Garland, ina jina langu ubaoni, na wasanifu wa majengo wenye vyeti vilivyowekwa kwenye fremu wananipigia simu wakiniita "sir" kabla hawajaeleza shida yao. Ukipita nyumba fulani za Dallas ukaona juu ya mlango wa mbele kuna majani na matunda ya kioo cha rangi, yanawaka jua likiyapiga, kuna uwezekano mkubwa hiyo ni kazi ya Hamadi. Sikufundishwa na chuo. Nilifundishwa na mwaka mmoja, 2018, mjini Houston, na mwaka huohuo ndio uliomuua Elia, ingawa yeye alichelewa kufa. Watu wananiuliza nilianzaje, nami huwapa hadithi fupi yenye kuchekesha. Hii hapa ndiyo ndefu.

Mafuriko ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameshakauka barabarani lakini hayajakauka ndani ya nyumba. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Elia na mkewe, Mama Rehema, kwenye jengo la ghorofa upande wa kusini-magharibi wa Houston, mahali ambapo Wakongo, Watanzania na Wakenya tulibanana ngazi moja na kusikia mboga za kila mmoja zikiungwa. Vyumba vya chini vilikuwa vitupu, mazulia yamechanwa, na harufu ya ule unyevu ilipanda mpaka kwetu ikakaa kwenye mapazia. Sebule ya Elia ilikuwa na makochi makubwa yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, televisheni nayo imevikwa kitambaa, na juu ya ukuta alikuwa amechora ziwa la kwao, kwa mkono, moja kwa moja kwenye rangi ya mwenye nyumba. Mimi nilimwambia watatukata pesa siku ya kuhama. Mama Rehema akasema waache wakate, kwani bila lile ziwa mume wake halali. Elia alikuwa mchoraji tangu Uvira: mabango ya maduka, mbao za vinyozi, watakatifu wa kanisani. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma alichora kila kitu chenye ukuta. Mama Rehema alitunza wazee majumbani mwao, akitoka alfajiri, lakini hakutoka kabla hajasonga bugali wa unga wa muhogo, akaufunga na sombe, yaani kisamvu, na ndagala, dagaa wa kwao, kwenye vyombo viwili vikubwa, chakula chetu cha mchana.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kubomoa kuta zilizolowa, kama watu wote wa Houston mwaka ule. Siku moja tulikuwa tunabomoa nyumba moja kubwa karibu na mto, akaja mzungu mmoja mzee, mrefu, amepinda, anaitwa Bwana Lyle. Kazi yake ilikuwa kutengeneza madirisha ya kale. Vijana wake walikuwa wamekimbilia miji mingine baada ya maji. Aliniona nikikata kioo cha dirisha la jikoni kwa kikataji chenye ncha ya almasi, kwa mpigo mmoja, bila rula, kama nilivyojifunza Tanga, akasimama akanitazama. Sikushangaa. Nimekata vioo vingi na sijaona mtu akinitazama asisimame. Akaniuliza kama nataka kazi. Nikamjibu nataka, na nina mwenzangu anayechora.

Dirisha alilotaka tulitengeneze lilikuwa kwenye ngazi za nyumba hiyohiyo. Mwenye nyumba alikuwa bibi kizee mmoja aliyekuwa akiishi peke yake, Miss Adele. Babu yake alilinunua Ulaya, vipandevipande, kutoka nyumba za nchi za milimani, akalipakia melini mpaka Texas. Mimi nilidhani vioo vya rangi ni vya makanisa: Yesu, Mariamu, malaika. Hili halikuwa na hata malaika mmoja. Lilikuwa na watu wa nyumbani. Mwanamume anakamua ng'ombe. Mwokaji ameingiza koleo kwenye tanuri la mikate. Ndege wadogo, kila mmoja kwenye kipande chake chenye pembe nne, na mdudu mmoja ambaye Elia aliapa ni kumbikumbi. Na katikati, kwenye kioo kikubwa kuliko vyote, mume na mke wamesimama uso kwa uso, mume ana upanga na suruali pana za mistari, mke anampa kikombe. Chini yao majina yao. Miss Adele, akiwa amekaa kwenye kiti chake chini ya ngazi huku akitutazama kama mtu aliyekuja kuangalia mchezo, alituambia kwamba zamani zile, zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, mtu akijenga nyumba huko, rafiki na ndugu zake walimpa dirisha. Kila mmoja alileta kioo chake, chenye jina lake na sura yake, ili mwenye nyumba akikaa mezani awaone wote waliomchangia, jua likipita ndani yao.

Nilipomtafsiria Elia, alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Kumbe bazungu nabo banachangaga!" akasema. Kwetu harusi tunachanga, msiba tunachanga, lakini hakuwahi kusikia watu wakichanga mwanga. Nikamwambia hapohapo kwamba mimi nitajenga nyumba, si kupanga, kujenga, na dirisha la juu ya mlango ni lake. Akaniuliza anichore nikiwa nafanya nini. Nikamwambia nimekaa, wengine wanafanya kazi. Alicheka mpaka Miss Adele akataka kujua tunacheka nini.

Tulilishusha dirisha kipande kwa kipande tukalipeleka karakana ya Bwana Lyle, banda refu la bati lenye feni kubwa mbili. Vioo vile vilishikana kwa kanda nyembamba za risasi, madini laini ya kijivu, na kwa uzee wake ile risasi ilikuwa imevimba na kutoa unga mweupe. Kazi yetu ilikuwa kuifungua kwa mkono, kukwangua, kusafisha kila kioo, kisha kusuka upya kwa risasi mpya na kuchomelea kila kiungo. Unga ule ulikaa juu ya meza, juu ya viatu, ndani ya mikunjo ya nguo, na chini ya kucha.

Bwana Lyle hakutuficha. Siku ya kwanza kabisa alitusimamisha, akasema vumbi la risasi ya zamani ni sumu, tuvae barakoa, tusilie humu ndani, na tunawe mikono kabla ya kula. Mimi ndiye niliyetafsiri, na nilitafsiri sawasawa. Barakoa tulivaa. Kula nje kulishindikana, maana jua la Houston saa za mchana linakuondolea hamu ya chakula, wakati ndani kuna feni. Na habari ya kunawa, Elia alicheka akashika meza. "Muzungu anatufundisha sisi kunawa?" Kwa sababu tulikuwa tumeshamwona mwenyewe akila kule kwa Miss Adele. Yeye alitoa mkate wake kwenye mfuko akala hivihivi, bila tone la maji. Hatukutambua kwamba vidole vyake havikuugusa mkate hata mara moja. Aliushika kwa karatasi yake, akaiteremsha kadiri alivyokuwa akila, na pale mwisho akatupa karatasi pamoja na kipande kilichobaki. Sisi tulikuwa na jagi la plastiki na beseni kutoka nyumbani. Elia alinimwagia, nami nikammwagia, kama watu waliolelewa. Maji kwanza, chakula, halafu sabuni mwishoni kuondoa mafuta. Mtu gani wa kwetu anakula bila kunawa? Na mtu gani wa kwetu ananawa kwa sabuni kabla ya kula, chakula kikanuke sabuni?

Lakini mimi sikula kwa mkono. Hapo ndipo jina lilipotoka. Tanga niliwahi kuosha vyombo hotelini, na kupitia tundu la mlango niliwatazama wageni wakila kwa uma na kisu, taratibu, migongo imenyooka, nikaapa kwamba nikitoka pale nitakula hivyo mpaka nife. Kwa hiyo nilibeba uma wangu wa chuma kwenye mfuko wa shati, na bugali niliukata kwa uma nikauchovya kwenye sombe kwa uma. Elia aliona ni aibu kwa taifa zima. Alisema anausikia bugali ukilalamika ukichomwa. Nilivaa pia glavu za ngozi laini wakati wa kazi, si kwa kuogopa sumu, bali kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua nitakuwa bosi, na bosi anashikana mikono na matajiri, na mkono uliokwaruzika unakutaja ulikotoka. Elia alizijaribu siku moja akazivua, akasema mchoraji akivaa glavu ni sawa na mtu kula pipi na ganda lake. Watu wanasema majivuno ni kitu kibaya. Mimi yangu yalinivusha.

Sasa, yule mume katikati ya dirisha hakuwa na mkono wa kulia. Zamani mtu alikuwa ameuvunja, akaziba pale kwa kipande cha kioo cha kijani, kitupu. Mke amenyoosha kikombe, na kikombe kinaishia kwenye kijani. "Huyu mama anamupa nani?" Elia aliuliza, na tangu hapo tukimaliza chai tulimpa kikombe mtu asiyekuwepo. Bwana Lyle alitaka mkono uchorwe upya. Rangi yake ni unga wa kahawia unaochanganywa na siki, unapakwa kwenye kioo, kisha unakwanguliwa kwa ncha ya kijiti pale unapotaka mwanga upite, halafu kioo kinachomwa kwenye tanuri mpaka rangi inaingia mwilini mwake. Elia alijaribu kunakili mikono ya kwenye vitabu vya Bwana Lyle ikatoka kama soksi zilizojazwa mchanga. Akaifuta. Mwishoni akashika kikombe changu cha chai kwa mkono wake wa kulia, akaunyoosha chini ya feni, akaniambia nipige picha kwa simu. Akauchora huo. Kidole gumba chake kilikuwa na ukucha uliogawanyika katikati, alikipiga na nyundo akiwa kambini, na ule mpasuko akautia. Mishipa akaitia. Chini ya kila ukucha akakwangua mstari mwembamba, mweupe, wa mwanga mtupu. Nikamwambia huyu ni tajiri ana upanga, hawezi kuwa na kucha chafu.

"Miye nachora kile naona," akasema. "Tajiri akitaka kucha safi, alete mukono yake."

Bwana Lyle alikishika kile kioo mbele ya dirisha la banda, mwanga ukapita. Kisha akamshika Elia bega. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kumwona akimpa mtu mwingine zaidi yangu.

Jumapili tulikula wote nyumbani, Mama Rehema akiwa mapumzikoni, watoto wakiongea Kiingereza kati yao na sisi tukiwajibu Kiswahili. Nakumbuka siku moja Elia ananyoosha mkono kwenye sinia, mkewe akaudaka hewani na kuugeuza. "Ona Baba Rehema," akasema, akionyesha weupe uliokuwa chini ya kucha, kama unga wa muhogo. "Ameanza kuniibia bunga. Atakuwa anasonga bugali kwa mwanamke mwingine." Tulicheka. Binti yao Rehema akauliza kwa Kiingereza kuna nini cha kuchekesha, na baba yake akamlisha tonge mdomoni badala ya kumjibu.

Joto lilipopamba moto, Elia akaanza kushikwa na tumbo. Lilimkunja katikati ya kazi, akalala juu ya sakafu ya saruji magoti kifuani, kisha akaamka akaendelea. Mdomo wake, alisema, una ladha ya sarafu. Akaacha kwenda chooni, siku zikapita. Halafu tabia ikageuka. Yule mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti alitupa sahani ukutani, ikapiga ziwa lake, akakaa akalia kwa sababu ya sahani. Alimwita Rehema kwa jina la dada yake mwenyewe, ambaye alifia Uvira, na Rehema akaitika tu ili mambo yaishe. Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba. Alfajiri moja, mkewe akivaa viatu vya kazi, niliwasikia.

"Unanificha nini?" Mama Rehema aliuliza.

"Mukono inalala."

"Inalala namna gani?"

"Inalala. Naiamusha, inakataa."

Viatu vya Mama Rehema vikapiga sakafu. Nilisikia mlango.

Hospitali walikuwa wanaiogopa, kama sisi wote, kwa sababu hospitali za kule zinakutumia bili hata ukishakufa. Wakaenda kanisani. Kanisa lao lilikuwa kwenye safu ya maduka, kati ya duka la simu na mahali pa kufulia nguo. Mchungaji akasema kuna mtu wa nyumbani amesikia Elia anafanya kazi kwenye nyumba za matajiri, na wivu wake umevuka bahari. Akaagiza mfungo: asile mchana wala asinywe, mpaka jua lizame, na kanisa zima litafunga naye. Mimi ni Mwislamu, mfungo haujawahi kunitisha, nikaona ni jambo jema, tumbo lipumzike. Elia akafunga na akafanya kazi. Alikwangua risasi asubuhi mpaka jioni tumbo likiwa tupu, alipangusa jasho mdomoni kwa kiganja, na jua likizama alikula kwa njaa ya siku nzima, kwa mkono uleule. Baadaye daktari alituambia kwamba tumbo tupu linainywa ile sumu kama mchanga mkavu unavyokunywa maji. Kanisa lilikuwa likimwombea, na kila siku ya maombi ilimshusha zaidi.

Dirisha lilimalizika kipindi cha baridi kidogo, ile baridi ya Houston ambayo ni upepo tu. Tukalirudisha kwenye ngazi. Miss Adele alikuwa amevaa vizuri kama anakwenda harusini, kwenye kiti chake palepale. Vipande vyote vikapanda: ng'ombe, mwokaji, ndege. Cha mwisho kilikuwa mume na mke. Mimi nilikuwa juu ya ngazi ya mbao, Bwana Lyle pembeni yangu, na Elia chini akiniinulia kioo kwa mikono miwili. Kilipofika usawa wa kifua changu, upande mmoja ukashuka. Nilikikamata kwa kifua na mikono, na nasema bila aibu kwamba hakuna mtu mwingine Texas angekikamata. Nilipokwisha kukiweka salama nikatazama chini. Mkono wa kulia wa Elia ulikuwa umening'inia kutoka kwenye kifundo, vidole vinaelekea sakafuni, kama nguo iliyoanikwa. Bega lilikuwa likiinuka, kiwiko kikiinuka, mkono hauinuki. Aliutazama jinsi unavyomtazama mtoto wako aliyekataa kukuitikia mbele ya wageni.

Bwana Lyle alikaa kwenye ngazi. Alijua. Uso wake uliishiwa damu, akasema neno moja tu, hospitali, na akatutangulia kwenda kwenye gari lake.

Kule hospitali hawakuwa na mtu wa Kiswahili, wakaleta simu, na ndani ya simu kulikuwa na mkalimani, mama wa Kenya aliyekaa sijui mji gani. Daktari anasema, yule mama anasema. Sumu ya risasi imejaa kwenye damu, imegusa mishipa ya mkono, imegusa figo. Watampa dawa ya kuivuta. Tumbo litapona. Mkono huenda ukarudi kidogo, si wote. Figo wataziangalia. Nilipimwa na mimi: ilikuwemo, lakini ndogo, kiasi cha kuambiwa nirudi wakati mwingine. Daktari akashangaa. Akauliza mbona watu wawili wa meza moja, vumbi moja, saa zilezile, wametofautiana hivi. Yule mama wa kwenye simu akatafsiri swali, na kabla hatujajibu akaongeza lake, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesogea karibu.

"Mnakula na mkono, ama?"

"Eeh," Elia akasema.

"Na kabla ya chakula mnanawa na maji tu."

"Sabuni ni ya mwisho, dada."

Daktari akauliza wanasema nini. Mama wa Kenya alimjibu kwa maneno mengi sana, na sisi akatuambia kwamba maji matupu hayaitoi risasi chini ya kucha. Elia alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anatazama mfuko wa shati langu.

Bwana Lyle alifunga banda mwaka huohuo. Alinipa vikataji vyake, meza na tanuri, akasema nitavitumia kuliko yeye, na hapo alisema kweli. Mimi nikahamia Garland nikaanza na mlango mmoja, leo naogopa kuanza kutaja, nitaonekana najisifu. Elia na familia yake walikwenda Haltom City, kuna ndugu wa Mama Rehema pale. Ghala moja lilimchukua, likamwacha, lingine likamchukua, likamwacha. Nilimtembelea. Akikusalimia aliuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akakupa kama kitu anachokukabidhi, kwa sababu kumpa mtu mkono wa kushoto hakuweza. Tonge nalo lilimshinda kulifinyanga, na kula kwa kushoto alikataa. Siku ya kwanza nilipomwona akila kwa uma, aliuegemeza kwenye kidole gumba chenye ukucha uliopasuka, akauchomeka kwenye bugali, akanikonyeza. "Sasa tuko babosi wawili," akasema. Nilicheka. Ningefanya nini? Nyumba yangu ya Garland nimeijenga, ina madirisha ambayo watu wanasimamisha gari kuyatazama, isipokuwa juu ya mlango. Pale kuna kioo kitupu. Kila fundi wangu anajua asiulize. Elia alikuja mara moja, akasimama chini yake, akasema atajifunza kuchora na kushoto. Figo hazikumpa nafasi, na ule ugonjwa wa mwaka 2020 ulipofika ukakuta kazi imebaki kidogo.

Baada ya mazishi sikurudi Garland. Siku iliyofuata asubuhi niliwasha gari nikaenda Houston. Miss Adele alikuwa hai bado, amezeeka sana, amevaa barakoa yenye maua. Alinifungulia mlango, akarudi nyuma mpaka ukutani, akaniuliza mchoraji hajambo. Nikamwambia. Alinyoosha kidole kuelekea ngazi, akaenda zake jikoni akaniacha.

Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja. Ndege walikuwa wamemwaga rangi juu ya zulia. Nilipanda mpaka usawa wa yule mume na mke, nikausogelea ule mkono. Mke anatoa kikombe na mkono unakipokea, kidole gumba juu, ukucha na mpasuko wake, mshipa umetuna. Haukushuka. Nilikaa pale kwa muda, mimi mtu nisiyekaa. Simu niliyompiga nayo picha zamani ilishakufa, kwa hiyo nikapiga upya, nikapiga nyingi.

Nilifika Haltom City mchana wa siku iliyofuata. Sebule ilikuwa na viti vya msiba vimepangwa ukutani, vitupu, maana watu walikatazwa kuja. Mama Rehema alikuwa amepika. Mezani kulikuwa na sahani yangu, na kando ya sahani uma, kama alivyoniwekea siku zote. Nikamwambia, "Shemeji, nina kitu cha kukuonyesha," nikampa simu.

Aliitazama kwa mbali kwanza. Kisha akaukuza ule mkono kwa vidole viwili, akaukuza tena, mpaka kioo chote cha simu kikawa kidole gumba. Aliupitia ukucha ule kwa ncha ya kidole chake. Akahamia ukucha wa pili, na wa tatu, na kwenye kila mmoja akasimama juu ya ule mstari mweupe.

"Hata hapa hajanawa," akasema.

Akarudi kwenye kidole gumba.

"Shemeji, miye nilizani ni bunga. Nilicheka. Unakumbuka? Nilimushika mukono mbele yenu bote nikacheka."

Aliniwekea simu mezani, uso chini. Akainuka, akarudi na jagi na beseni, lile beseni la karakana, na kipande cha sabuni. Nikakunja mikono ya shati. Alinimwagia maji, akanipa sabuni, akasimama juu yangu mpaka nilipomaliza kusugua kila ukucha, kisha akanimwagia tena. Uma niliuacha palepale ulipokuwa.

Nikakata tonge.